Mwaka Chola Alipougua kwa Jina Langu

Mwezi uliopita tulimzika shangazi yangu huko Sakania. Sitasema mengi juu ya mazishi; alikuwa mzee, alikufa kitandani mwake, na waliomlilia walilia kwa kadiri. Ila siku ya tatu ya matanga, tukiosha masufuria nyuma ya nyumba, binti yake wa mwisho, ambaye mwaka ninaousimulia alikuwa bado anabebwa mgongoni, alinigeukia mikono ikiwa na povu akaniuliza ni kitu gani kilimwua dada yake Chola. Mama yao, alisema, siku moja alijibu tumbo, siku nyingine sukari, siku nyingine kwamba Chola alichoka tu. "Weye ulikuwa naye kule Lubumbashi," aliniambia. "Weye njo unajua." Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na sikumbuki kukosa jibu mbele ya darasa. Siku ile nilisugua sufuria moja mpaka ikang'aa kama mpya, nikamwambia ni ugonjwa wa kongosho, nikamweleza kongosho liko wapi, nyuma ya tumbo, na kazi yake ni nini. Alitaka habari za dada yake, nami nikampa somo la biolojia. Alinishukuru, maskini, akaendelea kuosha.

Kwa hiyo naandika hapa nilichopaswa kusema pale kwenye masufuria. Chola alikufa mwezi wa kumi, mvua za kwanza zilipoanza kugonga mabati, na kwa miezi mingi ya mwaka ule hospitali ya kampani ilimjua kwa jina langu. Ili mtu aelewe, lazima ajue tuliishi vipi. Kampani ya shaba ndiyo iliyokuwa baba na mama yetu. Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuru, tuliishi kambini katika nyumba iliyofanana na nyumba mia nyingine, na kila kitu kilipitia kwenye kijitabu cha familia: posho ya unga, maharagwe na samaki, nafasi ya shule, kitanda cha hospitali. Mtoto aliyeandikwa humo alitibiwa. Asiyeandikwa alirudi nyumbani na ugonjwa wake. Picha hazikuwamo, ni jina tu, wa kike au wa kiume, na mwaka wa kuzaliwa. Na majina yenyewe yalikuwa yamevurugika. Serikali ilikuwa imetuamuru kuacha majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu; Ijumaa nilikuwa Béatrice, Jumatatu nikawa Kunda, na makarani wa kampani walishinda majuma wakifuta na kuandika upya. Nadhani kosa letu lilizaliwa hapo. Zaire nzima ilikuwa imevua jina moja na kuvaa jingine bila mtu kuumia, basi sisi tungeona ajabu gani msichana mmoja kuvaa la mwenzake kwa siku chache?

Chola alishuka kwenye treni ya Sakania mwezi wa pili, akitembea ameinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Alinizidi miezi saba tu. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na saba. Tulilala chumba cha mbele, penye meza, viti vinne na redio ya baba, kwenye mikeka tuliyoikunja kila asubuhi. Maumivu yalipomjia alikaa chini, akavuta magoti hadi kifuani, akalaza kichwa juu yake na kunyamaza. Ukimgusa, anakuomba kwa mkono umwache. Yalipopita alikuwa mcheshi kuliko sisi sote. Alituchekea sisi watu wa kambi, akasema hapa hata kunguru wanapanga foleni ya posho. Lakini alikunywa maji kama ardhi ya mwezi wa tisa. Mama alijaza ndoo jioni, asubuhi ndoo ilikuwa kavu. Alikula bukari, ugali wetu, tonge kwa tonge na baba, mtu wa tanuru, akarudia, akaomba na ukoko, na bado mifupa ya mabega yake ilizidi kutokeza chini ya kanga. Siku moja nilimsikia mama akimnong'oneza jirani kwamba choo cha mtoto huyu kinaelea, na juu yake kuna mafuta kama maji ya kuoshea vyombo. Jirani alisema ni minyoo. Mama alimpa mbegu za papai zilizosagwa siku tano mfululizo, na Chola akazinywa bila kulalamika, akakonda vilevile.

Ndipo baba aliponiita mezani, Jumapili baada ya kula, mama akiwa bado anakusanya sahani za sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alikuwa mtu wa maneno machache na siku hiyo aliyapima zaidi. "Tutamuazima jina yako," alisema. "Siku kidogo tu. Akipona, atakurudishia." Nilifurahi, kwa nini niseme uongo. Niliona nimefanywa mtu mzima, mtu mwenye kitu cha kuazima. Wala halikuwa jambo geni. Katika safu yetu kila nyumba ilikuwa na mtoto aliyewahi kupona kwa jina la mwingine: malaria, jino, mkono uliovunjika kwa kuanguka kwenye mti. Watu wote walijua, na hakuna aliyesema. Ila yale yalikuwa magonjwa mafupi. Mtu alitibiwa, akarudisha jina, yakaisha. Hakuna kambini aliyewahi kuazima jina kwa ugonjwa usiokwisha, na sisi hatukujua kwamba ndicho tulichokuwa tunafanya.

Tulikwenda watatu, baba, Chola na mimi, na tangu mlangoni yeye akawa Kunda na mimi nikawa Chola, binti ya shangazi aliyekuja kutembea kutoka Sakania. Karani alitazama kijitabu, akamtazama Chola, akapiga mhuri. Muuguzi alichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya bluu, ikageuka nyekundu kama tofali, naye akacheka, akasema dawa imeharibika, kwa sababu sukari ni ugonjwa wa wakubwa wenye matumbo na huyu hana hata mahali pa kuiweka. Alirudia mara mbili. Mara ya tatu hakucheka, akaenda kumwita daktari. Alikuwa Mzungu kijana, mwenye masikio mekundu, aliyejifunza Kiswahili chetu kwa wagonjwa na akakisema bila aibu. Baada ya siku chache alituita tuone picha iliyopigwa ndani ya tumbo la Chola. Aliibandika kwenye kioo cha dirisha. Kulia na kushoto kwa uti wa mgongo palikuwa na punje nyeupe, nyingi, kama mchele uliomwagika. Alisema ni mawe, yamo ndani ya kongosho, yameliua polepole tangu utotoni; ndiyo maana mafuta ya chakula yanapita bila kusagwa, ndiyo maana sukari inajaa kwenye damu, na ndiyo maana lile tumbo linamkunja. Mawe hayawezi kutolewa kwa dawa. Kinachowezekana ni sindano ya insulini, kila asubuhi. Baba aliuliza ni asubuhi ngapi. Daktari alidhani hakusikia vizuri, akarudia: kila asubuhi. Baba aliigeuza kofia yake mikononi, akauliza tena, kwa heshima, ni asubuhi ngapi.

Nataka kusema pia kwamba ile sindano ilifanya kazi. Watu hupenda kusimulia ugonjwa kana kwamba ulikwenda chini tu siku zote. Kuanzia mwezi wa tatu Chola alikwenda dispensari kila asubuhi na kijitabu chetu kwapani, na kufikia Pasaka mashavu yalikuwa yamerudi, na ndoo ya maji ilifika asubuhi ikiwa bado nusu. Tulizoea kuitana "majina", kama wanavyoitana kwetu watu wenye jina moja. Mtu akiita "Kunda" uani, Chola aliinua kichwa kabla yangu, akauliza, "Banaita weye ao miye?", nasi tukaangua kicheko. Tulitwanga sombe pamoja, tukachambua ndagala, dagaa wakavu, na mama akamtengea yai kwa sababu daktari alitaka ale mayai na samaki. Wadogo zangu walinuna juu ya lile yai. Mimi pia nilinuna kidogo.

Wakati huohuo yule daktari alikuwa anasumbuka. Alikuwa amesoma kwamba ugonjwa huu wa mawe unapatikana katika nchi za joto, kwa vijana waliokulia njaa, na alishuku muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Nimewauliza madaktari wa leo, nao wananiambia hakuna aliyelithibitisha jambo hilo mpaka mwisho. Lakini yeye alitaka kujua, akamkalisha Chola mbele yake, kijitabu kikiwa wazi mezani, akamuuliza, "Ulikuwa unakula nini wakati ulikuwa mutoto?" Nilikuwa nimesimama ukutani. Nilijua jibu, alishanisimulia mwenyewe. Mwaka wa njaa mama yake alikuwa akiloweka muhogo siku moja badala ya nne, kwa sababu watoto hawakuweza kusubiri nne, na jioni walikula kisha vichwa vikawazunguka wakalala. Lakini kijitabu kilisema mtoto wa kambi. Chola alinitupia jicho, akajibu polepole, "Bukari na samaki ya posho, docteur. Na nyama siku ya yenga." Yaani Jumapili. Alimsomea utoto wangu, mlo kwa mlo. Daktari alikuna kichwa, akaandika alama ya kuuliza, akaizungushia duara. Tulipotoka nje Chola alinishika mkono akasema, "Nilikula muzuri mu utoto yako, majina." Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Leo nikikumbuka kile kicheko natamani kujipiga kofi.

Mwezi wa sita, baridi ilipoingia na vumbi likaanza kukaa juu ya kila kitu, mambo mawili yalikuja kwa juma moja. Nilifaulu kuingia shule ya ualimu, na shule ilitaka cheti cha afya kutoka hospitali ya kampani. Nilikwenda mwenyewe, nimevaa sketi ya mama, nikiwa na furaha ya kupasuka. Karani mwingine, asiyenijua, alitoa faili la Kunda, akasoma, akalifunga. Alisema kwa upole kwamba msichana mgonjwa wa sukari, mwenye mawe kwenye kongosho, haruhusiwi bweni, na kwamba nipumzike. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Chola alikuwa jikoni, na hilo ndilo jambo la pili: maumivu yalikuwa yamemrudia tangu juzi, makali kuliko yale ya kwanza, na alikuwa amekaa chini na magoti kifuani. Nilimwona. Nilimwona vizuri kabisa, nikampita, nikamwambia mama kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, "Nataka jina yangu." Mama aliniziba mdomo kwa mkono wenye unga. Chola hakuinua kichwa. Alisema tu, akiwa vilevile ameinama, "Nitakurudishia. Si mbali."

Walimlaza siku iliyofuata. Mimi nilimpelekea chakula kila mchana, binti ya shangazi kutoka Sakania, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda chenye kibao kilichoandikwa jina langu. Hakuweza kula. Tuliongea juu ya vitu vidogo, nani ameolewa, nani amepigwa na mama yake. Sikumwomba msamaha, naye hakunidai. Daktari ndiye aliyeona kwamba najua kusoma na kwamba nakuja kila siku, akanifundisha kuchemsha sindano ya kioo, kuvuta dawa hadi kwenye mstari, kubana ngozi ya paja, kuchoma. Nilijifunza kwenye chungwa, kisha kwenye paja la Chola mwenyewe. "Chola, mkono wako ni mwepesi," daktari aliniambia, na yule wa kitandani akafumba macho akitabasamu.

Kisha alimwita baba, akamwambia mtoto wako anaweza kufa. Najua kwa sababu baba alirudi kutoka zamu ya asubuhi, saa nane mchana, akaingia chumbani na mama bila kugusa chakula, nami nilikuwa nyuma ya ukuta nikimenya karanga. Halafu nilisikia sauti ya mama, kavu. "Kama anakufia kule, bataandika Kunda alikufa. Na huyu iko hapa, tutamuita nani?" Mama aliendelea kusema kwamba kampani italeta jeneza, itakata posho ya Kunda, itafuta jina kwenye kijitabu; na wakigundua, ni kazi, ni nyumba, ni watu tisa barabarani. Alikuwa analia, mjue hilo. Alikuwa amemwosha Chola kwa mikono yake miezi mitano. Baba alisema, "Ni mutoto ya dada yangu." Mama akasema najua. Baba akasema tena, ni mutoto ya dada yangu, na mara hii nilisikia kwamba ameshakubali, kwamba alikuwa anamuaga tu. Mimi niliendelea kumenya karanga. Ningeweza kuingia. Sijui ningesema nini nikishaingia, hata leo sijui; hapakuwa na neno ambalo lingemwacha Chola kitandani na sisi nyumbani. Lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo. Chini ya hofu yangu palikuwa na kitu kingine, kidogo, kama pumzi, nacho kilikuwa nafuu.

Tulimtoa Jumatano. Daktari alikataa, akapandisha sauti, akamwambia baba kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili kwamba bila dawa huyu hatamaliza mwaka. Baba alitazama sakafu, akasema desturi yetu inataka mgonjwa apelekwe kwa bibi zake. Uongo mtupu. Daktari alimpa karatasi ya kusaini, na baba, aliyekuwa na mwandiko mzuri, alisaini vibaya kama mtoto. Ndipo daktari akaingia chumba cha dawa, akarudi na chupa za insulini ndani ya kopo lenye pamba iliyolowa maji, akaniwekea mikononi. Zingetosha majuma saba, alisema, tukizitunza baridi. Baada ya hapo mtu aje achukue nyingine, haraka, asingoje. Tulipanda treni, mama, Chola na mimi. Huko Sakania shangazi alimpokea binti yake mlangoni bila kuuliza chochote. Nilizika chungu kwenye mchanga nyuma ya nyumba, nikamwagia maji, nikaweka chupa humo. Shangazi hakujua namba, basi nilifunga uzi mwekundu kwenye sindano, pale dawa inapopaswa kuishia, nikamwonyesha asubuhi sita mfululizo mpaka akaweza peke yake. Asubuhi ya saba tuliondoka. Chola alikuwa amekaa juani, amejifunika blanketi, na maumivu yalikuwa yamempa nafasi. Aliniita "majina" kwa mara ya mwisho, akasema nisome kwa bidii.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nakwepa. Mwisho wa mwezi wa nane, baba alikuwa ameshapeleka habari kwamba Kunda wake amepona kwa dawa za kienyeji na anaomba tena cheti cha shule. Hospitali iliniita. Baba alinipa maagizo mara tatu: wewe ni Kunda, uliumwa, ulipona, huna la kuongeza. Muuguzi alipima mkojo wangu, dawa ikabaki bluu, akashangaa sana. Kisha akanisukuma ndani kwa yule daktari. Alikuwa amesimama. Nadhani alikuwa amesimama kwa furaha, kwamba mgonjwa wake yu hai. Alinitazama uso, mashavu, mikono, ile mikono aliyoifundisha mwenyewe, na masikio yake yakawa mekundu zaidi. Alimtuma karani aliyekuwa humo akamletee faili jingine, akangoja mpaka hatua zake zikapotea. Halafu akafungua friji ndogo iliyokuwa nyuma yake, akatoa chupa nne, akazipanga mezani upande wangu. Majuma saba yalikuwa yamebakiza siku tatu. Mimi nilizihesabu, na yeye pia.

"Ule mwingine iko wapi?" aliuliza, kwa sauti ya chini. "Sitaandika kitu. Sema tu."

Nilitazama chupa. Nilitazama kalamu yake, ilikuwa imefungwa, mbali na mkono wake. Nilimwamini, hilo ndilo sijawahi kumwambia mtu. Nilijua kabisa kwamba hatatusaliti. Lakini mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, na nyuma yake palikuwa na korido, na kwenye korido watu wa kambi, na nilisikia watu tisa wamenikalia shingoni. Nikichukua chupa hata moja, nimekiri. Ni za nani, kama mimi nimepona?

"Hakuna mwingine, docteur. Kunda ni miye. Nilipona."

Alingoja. Alizisogeza zile chupa karibu nami kwa kidole, kidogo, hadi ukingoni mwa meza, akangoja tena. Hatua za karani zilisikika zikirudi. Basi akaketi, akavuta karatasi, akaandika cheti kwamba citoyenne, yaani raia, Kunda ni mzima na anafaa kwa masomo, akagonga mhuri. Nilimshukuru kwa mikono miwili kama nilivyolelewa. Nilikuwa nimeshafika katikati ya korido, cheti kifuani, akina mama wameketi kwenye benchi pande zote mbili na watoto wao, nilipomsikia ametoka mlangoni na kuita, "Chola." Aliita mara mbili. Akina mama walinitazama. Mimi nilikuwa Kunda, nikaendelea kutembea.